Jogoo Aliyeitwa Kanali

Njeri, binti wa Wangui, alikuja kwangu hapa Free Area, Nakuru, Jumanne asubuhi nikiwa nachambua sukuma wiki, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu asiyetaka kukaa sana, akaniambia mama yake ametuacha. Nilimshika mkono, halafu nikamwekea chai. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. "Mama," akasema, "wale mliokuwa pamoja kule Molo umebaki wewe peke yako. Tunaandika historia yake ya kusomwa kaburini, na kuna kitu kimoja tunataka ututhibitishie." Nikamwambia aulize. "Ni kweli alifukuzwa Molo wakati wa Imajensi kwa sababu alikuwa akipelekea watu wa msituni chakula? Kaka yangu anataka iandikwe hivyo. Anasema hiyo ikisomwa, mama atazikwa kama shujaa." Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Jibu nilikuwa nalo, nimekaa nalo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Nikamwambia, "Rudi kesho, mwanangu. Leo kichwa changu hakiko sawa."

Kichwa changu kilikuwa sawa kabisa. Watu wa hapa wananijua kwa hilo, kwamba mimi sisahau jina. Hata leo naweza kukutajia mbwa watatu wa Memsaab, yule mama wa Kizungu mwenye shamba la Molo, Topsi, Bruno na Simba, na ng'ombe aliyekuwa akiipiga teke ndoo kila asubuhi, ambaye mtu fulani mwenye utani alimpa jina la Malaika. Kwa hivyo si kusahau. Ni aibu. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini kuandika naweza, polepole, na Njeri alipotoka niliiacha sukuma yangu kwenye sinia nikaanza kuandika haya, ili akirudi nisipate pa kujificha.

Mwaka wenyewe ni hamsini na tatu, Imajensi imepamba moto: serikali ya Wazungu imetangaza hali ya hatari, na wapigania uhuru wamekimbilia msituni. Shamba lilikuwa juu ya Molo, pale msitu wa Mau unapoanza, na mwenyewe alikuwa Mzungu mjane tuliyemwita Memsaab Manyoya. Alikuwa na pareto na kondoo kama Wazungu wengine, lakini moyo wake ulikuwa mtoni. Mto wetu ulikuwa na trauti, samaki wa madoadoa ambao Wazungu waliwaleta kutoka kwao wakawamwaga katika maji yetu ya baridi. Ukitaka kumla tu, trauti utamvua kwa mnyoo wa ardhini na chakula kitapatikana. Lakini kwa Memsaab kumvua kwa mnyoo ilikuwa kama kuiba. Yeye alitaka samaki adanganywe, na adanganywe kwa nzi wa bandia, nzi aliyefungwa kwa manyoya na uzi wa hariri juu ya ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Hao nzi tuliwafunga sisi, wasichana wanne katika chumba cha nyuma ya nyumba yake: Truphena, Chelagat, Wangui na mimi Berita. Wageni wake walikuja kuvua mwisho wa wiki, na nzi wengine walipelekwa Nakuru na Nairobi kuuzwa.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kilinuka vanishi, nta na dawa ya nondo, na moshi wa jiko la makaa ambalo Memsaab alituruhusu kuliwasha kwa sababu vidole vyenye baridi havifungi uzi. Kulikuwa na meza moja ndefu, na kwenye meza vibanio vinne vya chuma tulivyoviita vaisi. Unaibana ndoana, unaupaka uzi nta, unauzungusha kutoka kwenye jicho la ndoana mpaka mkiani, halafu unarudi. Unaweka mwili wa sufu, unafunga unyoya wa shingo ya jogoo na kuuzungusha mara nne, tano, mpaka nyuzi zake zinasimama pande zote kama mbavu za mwavuli. Unamaliza na fundo, na tone moja la vanishi kwa ncha ya sindano. Uzi ukilegea, unavunja yote na kuanza upya. Dirisha lilikuwa moja, kubwa, upande jua linakotokea, na aliyeketi pale aliona uzi wake bila kukunja macho. Kiti hicho kilikuwa cha Wangui, kwa sababu mikono yake ilishinda yetu sote. Nilikitamani kiti kile kuliko nilivyowahi kutamani nguo.

Saa sita tulisukuma vibanio pembeni tukala pale pale. Viazi vya Molo vilivyopondwa na njegere, maziwa ya kibuyu aliyoleta Chelagat, na ugali wa Truphena uliokuwa mgumu kama mlango. Tuliongea lugha zote zikichanganyika. "Samaki wa Mzungu ni mjinga," Truphena alisema siku moja, akiinua nzi juu. "Anakula shingo ya jogoo akidhani ni nyama." Wangui, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, akamjibu, "Usimcheke. Wewe uliona kofia ya mchumba wako Okello ukadhani ndani kuna kichwa." Tulicheka mpaka Memsaab akagonga ukuta. Wangui alikuwa hivyo, maneno machache, halafu unashika mbavu. Alikuwa pia ndiye aliyenifundisha lile fundo la mwisho, jioni tatu mfululizo, akinishika kidole changu cha shahada na kukizungusha yeye mwenyewe.

Memsaab alitaka kila mmoja wetu aujue mto, ajue anachokifunga kinaenda kufanya nini. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi msichana mmoja alifuata wageni akibeba kikapu, na mtu wa mto, Mzee arap Koros, alitufundisha akitembea. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa koti la jeshi. "Samaki huyu anaangalia mto unakotoka," aliniambia, "chakula kinakuja na maji. Wewe utokee nyuma yake, kutoka chini. Na usimwage kivuli chako mbele yake." Mvua ikinyesha Mau, kesho yake maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, naye aliwarudisha wageni nyumbani bila huruma. Maji yakiwa meupe na madogo, alichagua uzi mwembamba kabisa na nzi wa kuelea. Asubuhi hakuna kitu, jua likipanda kidogo na wadudu wakaanza kutoka majini, hapo ndipo samaki walipokula. Mgeni akirusha uzi kwa haraka, arap Koros alinong'ona, "Ngoja unyooke nyuma, Bwana. Ngoja." Nami niliona nzi wangu, kitu nilichokifunga kwa vidole vyangu, akitua juu ya maji bila kulowa, akisimama kwa ncha za manyoya, akielea kama mdudu mwenye roho yake. Nilijivuna sana. Nasema hivyo ili ujue nilijua vizuri kazi ile inataka nini.

Inataka jogoo. Nzi wa kuelea hafungwi kwa manyoya ya kuku jike, maana hayo ni laini, yanakunywa maji na kuzama. Unataka shingo ya jogoo mzee, manyoya makavu na magumu yanayong'aa. Memsaab alikuwa nao kadhaa, lakini mmoja aliletwa kwa meli akiwa kifaranga, rangi yake ya asali, na nzi wa rangi hiyo ndio trauti wetu waliowapenda kuliko wote. Alimwita Kanali. Alikuwa na kibanda chake mwenyewe chenye pazia la gunia, kwa sababu ya baridi ya Molo, ambayo miezi fulani huacha umande umeganda juu ya nyasi. Kumtunza ilikuwa zamu yangu. Sheria ilikuwa moja: unanyonyoa manyoya machache, upande mmoja tu wa shingo, halafu unangoja mwezi mzima yaote kabla ya kugusa upande wa pili. Na jioni unateremsha pazia. Truphena alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Kanali ameamkaje? Amekupigia saluti?"

Mwezi wa saba mgeni mkubwa alitazamiwa, mlowezi wa upande wa Mau Narok aliyekuwa polisi wa akiba, sisi tukimwita Bwana Miwani. Memsaab alitaka nzi wengi wa rangi ya asali, na alisema mbele yetu sote kwamba atatazama kazi ya kila mmoja. Mimi niliyasikia maneno hayo kama kwamba kiti cha dirishani kimewekwa wazi. Alhamisi jioni nilikwenda kwa Kanali nikamnyonyoa upande mmoja, nikaona hayatoshi, nikamnyonyoa upande wa pili, halafu nyuma. Nilimwacha shingo wazi kama mkono wangu. Nikakimbilia ndani kufunga nzi kabla mwanga haujaisha, na pazia sikuliteremsha. Sikulisahau kwa sababu ya shida yoyote. Nililisahau kwa sababu nilikuwa nawaza kiti.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameanguka ubavu, miguu imenyooka. Umande ulikuwa umeganda mpaka ndani ya kibanda. Nilikaa chini pale nikalia, na Wangui ndiye aliyenikuta. Akamshika, akamgeuza, akatazama shingo. "Ulimmaliza," akasema, si kwa ukali. "Twende tumwambie Memsaab sasa hivi. Akikasirika, akasirike leo." Nikamshika sketi nikamsihi. Nikamwambia nitafukuzwa. Nikamwambia tungoje mgeni aende, halafu nitasema mwenyewe, naapa. Wangui akachukua gunia, akamtia Kanali ndani, akasema mimi nirudi nikaoshe uso, yeye atamzika karibu na msitu, kwa kuwa mbwa wa kambi ya wafanyakazi wangemfukua. Huo ndio wema alionitendea. Hakuniomba chochote ila neno langu kwamba nitasema.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa na nzi wanne wa asali niliowafunga kwa manyoya ya Kanali, na waliotakiwa walikuwa wengi zaidi. Manyoya mengine niliyoyanyonyoa kwa pupa yalikuwa yamekatika. Nikaenda jikoni, nikachukua manyoya ya kuku jike mwekundu aliyechinjwa kwa chakula cha mgeni, nikafunga nzi sita. Kwa macho walipendeza. Memsaab aliwachukua, akawaweka kwenye kisanduku, akanigusa bega.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kikapu. Mto ulikuwa mzuri kuliko siku zote, maji meupe, upepo hakuna, samaki wakitoa pua juu ya maji kwenye dimbwi refu chini ya miti. Bwana Miwani aliingia na buti zake za mpira zilizofika mapajani, akarusha. Nzi akatua, akazama. Akamkausha kwa leso, akampaka mafuta, akarusha tena. Akazama. Akabadilisha, na wa pili akazama kama jiwe. Memsaab alisimama ukingoni mdomo umekazwa. Arap Koros akaomba apewe yule nzi, akaupitisha unyoya wake juu ya mdomo wake taratibu, akafumba macho. "Hii ni kuku mama," akasema. Kisha akanitazama. Memsaab aligeuka akarudi shambani kwa miguu, haraka, moja kwa moja mpaka kwenye kibanda.

Tulipangwa mbele ya veranda, wafanyakazi wote wa nyumba. Chai ya mgeni ilikuwa mezani ikitoa mvuke. "Kanali iko wapi?" Memsaab akauliza kwa Kiswahili chake. Zakayo mpishi akakohoa, akasema, "Memsaab, mimi niliona Wangui jana asubuhi anaenda upande wa msitu na gunia." Zakayo hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule kila mtu alisema haraka alichokiona, asije akaulizwa kwa nini alinyamaza. Bwana Miwani akaweka kikombe chini. "Gunia ya nini? Nani iko msituni nakula kuku?"

"Hakuna mtu, Bwana," Wangui akasema. "Jogoo alikufa na baridi. Nilimzika. Twende nikuonyeshe."

Tulienda sote. Shimo lilikuwa wazi, udongo umetawanywa, na ndani hakuna kitu. Mbweha walikuwa wametangulia. Manyoya machache ya asali yalikuwa yamelala kwenye nyasi yakielekea mitini, na Bwana Miwani akayafuata kwa ncha ya fimbo yake, moja baada ya jingine, mpaka msitu ulipoanza. "Sawa," akasema. "Njia naona."

Wangui akanigeukia. "Berita, waambie." Maneno mawili tu, kwa sauti ile ile aliyoniombea mkasi kila siku. Memsaab akanigeukia pia. "Berita? Wewe nasema nini?"

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikujua uzito wa lile swali. Nilijua. Shamba la jirani, mwezi mmoja tu nyuma, familia mbili za Wakikuyu, kwa kushukiwa tu kuwalisha watu wa msituni, zilipakiwa kwenye lori na vyombo vyao vikaachwa vimemwagika barabarani. Mimi sikuwa Mkikuyu kama Wangui. Mimi wangenigombeza, labda wangenirudisha kwetu Kakamega kwa treni, na kwetu kulikuwa na mama na chakula. Nilipima, ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama pale nikapima, huku mwenzangu akiningoja, nikasema, "Mimi nilimwacha mzima, Memsaab."

Wangui alinitazama kama mtu anayetazama fundo lililofunguka. Arap Koros aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Jumatatu lori lilikuja likamchukua Wangui na mama yake Nyambura, na debe moja na blanketi mbili, wakapelekwa rizavu, eneo lililotengewa Wakikuyu, ambako Wangui hakuwahi kukanyaga maishani mwake, maana alizaliwa pale pale shambani. Kabla ya kupanda alitoa mfukoni mkasi wake mdogo wa kazi, akampa Chelagat. Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Jumanne tulirudi kazini. Memsaab aliingia, akatazama meza, akanionyesha kwa kidole kiti cha dirishani. "Wewe kaa hapa." Nikakaa. Nilikaa kwenye kiti kile mwaka uliobaki wote, na kazi yangu ikawa nzuri sana, hata Memsaab akawaonyesha wageni mikono yangu. Nzi niliowafunga kwa mwanga wa dirisha lile walielea. Truphena hakutania tena mezani. Saa sita Chelagat alimimina maziwa ya kibuyu kwenye kikombe chake na cha Truphena, halafu akafunga kibuyu.

Njeri alirudi Jumatano saa nne kama alivyoahidi. Sikumpa nafasi ya kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikishika meza: mama yako hakupeleka chakula msituni, alizika jogoo niliyemuua mimi kwa uzembe wangu, na nilipoulizwa nilisema uongo mbele yake. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa tayari, karibu niseme nilitaka. Yeye akafunga daftari taratibu. "Basi ni kweli," akasema. "Jogoo mwenye shingo wazi." Nikamuuliza amejuaje. "Alituambia tangu tukiwa wadogo. Kila mara. Nasi tulicheka, Mama. Tulidhani anaficha. Hata juzi juzi kaka alimwambia, 'Mama, tulishapata uhuru, hakuna wa kukushika sasa, sema tu uliwalisha watu wa msituni.' Mama akamtazama tu. Tangu siku hiyo hakumtaja tena yule jogoo."

Miaka yote hii nilidhani nimemnyang'anya kazi na mahali pa kuishi. Sikujua kwamba nilimnyang'anya pia neno lake mbele ya watoto aliowazaa.

"Utakuja uyaseme mwenyewe?" Njeri akauliza. Nikasema nitakuja. Mazishi yalikuwa Jumamosi, Subukia, kwenye shamba walilonunua baadaye. Watu walikuwa wengi, mahema matatu. Walinipeleka mbele wakinishika viwiko, na mchungaji, akiniita bibi kwa Kikuyu, akanipa maikrofoni akisema, "Shosho, kwa ufupi tu, mvua inakuja." Nikasema. Nilisema nilivyomnyonyoa Kanali, nilivyoacha pazia, nilivyoulizwa na nilivyojibu. Sauti yangu ilitoka sawasawa. Nilipotaja kwamba jogoo aliitwa Kanali, kijana mmoja nyuma akacheka, halafu wengine, kile kicheko cha upendo ambacho watu huwachekea wazee. "Asante sana shosho wetu!" mchungaji akasema, akichukua maikrofoni mkononi mwangu. "Wazee wetu wana hadithi tamu, jamani!" Wakapiga makofi. Kisha kaka yake Njeri akasimama na karatasi yake iliyochapwa, akasoma jinsi mama yao, akiwa msichana mdogo, alivyowalisha mashujaa wa msituni na kuteswa kwa ajili yao, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nilisema tena, "Ilikuwa jogoo," lakini bila maikrofoni hata aliyenishika kiwiko hakusikia. Akaniambia, "Ndiyo, shosho, njoo ukae." Ng'ambo ya kaburi Njeri alikuwa amesimama, mikono yake imeshuka ubavuni, hapigi makofi. Alinitazama mpaka nikashusha macho.